"Sikumwona" Si Sawa na "Hayupo": Jinsi Viumbe wa Hifadhini Wanavyohesabiwa

Mwaka 1991 wataalamu wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini katika misitu ya milima ya Udzungwa, nchini Tanzania. Kazi yao ilikuwa kuandika ndege wote wa huko. Walikuwa na darubini, walikuwa na vitabu, na macho yao yalikuwa yamezoea kazi hiyo. Ndege aliyewashangaza kuliko wote hawakumwona juu ya mti wala kwenye majani makavu. Walimkuta ndani ya sufuria. Alikuwa amenaswa kwa ajili ya kitoweo, na miguu yake iliyobaki haikufanana na ya kwale yeyote waliyemjua. Mwaka 1994 akapewa jina la kisayansi, Xenoperdix udzungwensis, na uchunguzi ukaonyesha kwamba jamaa zake wa karibu wako Asia.

Ninaanza na sufuria hiyo kwa sababu inaonyesha ugumu wote wa kazi hii. Kuna waliokuwa wakimla ndege yule, na kuna waliokuja na vifaa kumtafuta wakampita. Asingeingia chunguni, ripoti ya safari ile ingerudi bila jina lake, na msomaji angeelewa kwamba hayupo.

Mchungaji akirudi jioni husimama mlangoni pa zizi, ng'ombe wakaingia mmoja mmoja. Asipomwona yule mwekundu aliyevunjika pembe, anajua amebaki machungani. Hesabu yake inakamilika kwa sababu mlango ni mmoja na kila ng'ombe anamfahamu. Hifadhi haina mlango. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, kuanzia bonde la Kilombero hadi vilele vinavyopita mita 2,500. Ndani yake kuna viumbe wanaotembea usiku tu, wanaoishi juu ya miti bila kushuka, na wanaokaa kimya wakisikia hatua ya binadamu. Kwa hiyo taarifa ikisema "hifadhi ina chui kadhaa" au "ina spishi kadhaa za vyura", hakuna aliyesimama mlangoni. Nambari hiyo imepatikana kwa njia nyingine, na raia anayechangia kutunza hifadhi hizi anastahili kuielewa.

Maswali ni matatu, na watu wengi huyachanganya. La kwanza: nani yupo? La pili: wako wangapi? La tatu: wanaongezeka au wanapungua? Kila swali lina zana zake, na jibu la moja halitoshi kulijibu jingine.

Nani yupo

Kutengeneza orodha ya spishi kunaonekana kazi nyepesi mpaka uanze. Panya na virukanjia hunaswa kwa visanduku vidogo vya bati vyenye chambo. Karanga na nazi hufanya kazi vizuri. Vyura na mijusi wa ardhini hutegwa kwa ndoo zilizofukiwa hadi ukingo, na kiukuta cha plastiki kinachowaelekeza humo. Popo na ndege wa vichakani wanahitaji nyavu laini zinazotandazwa kama za mvuvi, ila hewani. Vinyonga hutafutwa usiku kwa tochi, maana wakilala rangi yao hupauka na kung'aa kwenye mwanga. Wanyama wakubwa wa msituni hufuatwa kwa kwato, kinyesi na sauti. Hakuna chombo kimoja kinachowakamata wote, na hakuna mtaalamu mmoja anayewajua wote.

Kwa sababu hiyo, orodha ya hifadhi inatueleza juu ya waliomo, na pia juu ya waliokuja kutafuta. Msitu ambao haujawahi kufikiwa na mtaalamu wa konokono utakuwa na konokono wachache kwenye karatasi. Ukisoma kwamba msitu fulani una utajiri mkubwa kuliko mwenzake, uliza kwanza kila mmoja ulitembelewa mara ngapi, msimu gani, na nani.

Watafiti wana njia ya kupima ni wangapi bado hawajaonekana. Fikiria umehamia mtaa mpya. Wiki ya kwanza kila uso ni mgeni. Baada ya mwezi, kama karibu kila unayekutana naye umeshamwona mara tano au kumi, unajua mtaa umeumaliza. Lakini kama nusu ya nyuso unazozikumbuka umeziona mara moja tu, ujue ndani ya nyumba zile wamo wengi ambao hujawaona hata hiyo mara moja. Hesabu za spishi hufanywa hivyohivyo: idadi ya spishi zilizoonekana mara moja tu ndiyo inayotumika kukadiria zile zilizojificha. Orodha yenye majina mengi ya mara moja moja ni orodha ambayo haijakamilika, hata kama ina kurasa mia.

Njia bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ndiyo iliyodharauliwa kwa muda mrefu: kuuliza wenyeji. Mwaka 1979 watafiti wawili waliokuwa katika msitu wa Mwanihana, upande wa mashariki wa Udzungwa, walisikia sauti ya mnyama wasiyoitambua. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza hakushangaa. Akawaambia huyo ni n'golaga. Ndiye kima ambaye sasa anajulikana duniani kwa jina la kijiji cha Sanje, Cercocebus sanjei, na hapatikani popote nje ya milima ile. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, mwaka 2003, wawindaji wa Kinyakyusa katika mlima Rungwe walikuwa wakitaja mnyama anayeitwa kipunji. Baadhi ya wasikilizaji walidhani ni kiumbe wa hadithi. Watafiti wakaendelea kumtafuta, wakamwona. Mwaka 2004 kundi jingine, bila kujua habari za Rungwe, likamkuta katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Mwaka 2005 kipunji akatangazwa rasmi, na mwaka 2006 akawekwa kwenye jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ikaitwa Rungwecebus. Tangu mwaka 1923 jenasi mpya ya nyani au kima wa Afrika haikuwa imetangazwa.

Neno "kugundua" linanisumbua hapa. Aliyempa jina kipunji alimjua kabla. Kazi iliyofanywa na watafiti ilikuwa kulipeleka jina hilo mahali ambapo sheria na bajeti zinaweza kulisoma, na hiyo ni kazi kubwa. Lakini ilianza kwa mtu aliyesikiliza.

Hata hivyo majina ya wenyeji nayo yana mtego wake. Pwani, "mkoko" ni jina la miti yote inayosimama kwenye maji ya chumvi, na papo hapo ni jina la mti mmoja wenye mizizi ya kuning'inia, Rhizophora mucronata. Mkandaa ni mwingine, mchu ni mwingine. Karani akiandika "mikoko 400" bila kuuliza ni mkoko upi, daftari lake halina tena namna ya kurekebishwa. Kwa hiyo jina la mahali huandikwa, la kisayansi huandikwa kando yake, na panapowezekana huchukuliwa kielelezo: tawi, picha, unyoya, kipande kidogo cha ngozi.

Jicho lisilolala

Kamera za kutega zimebadilisha kazi hii kuliko kifaa kingine chochote katika maisha yetu. Ni sanduku dogo linalofungwa kwenye shina la mti, chini, usawa wa goti. Ndani kuna kihisi cha joto: mwili wenye joto tofauti na mazingira ukipita mbele yake, picha inapigwa, ikiwa na tarehe na saa. Mwaka 2003 kamera ya aina hiyo huko Udzungwa ilipiga picha ya kwanza ya minde akiwa msituni kwake. Minde ni paa mkubwa mweusi wa misitu ya milima ya Tanzania, na watu walikuwa wakimwona kwa nadra mno. Mwaka 2005 kamera katika msitu wa Ndundulu zikampiga picha sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, huyu akiwa na uso wa kijivu. Mwaka uliofuata watafiti wakarudi kumkamata ili kumpima. Ana uzito wa gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sange wengine wote wanaojulikana. Akapewa jina rasmi mwaka 2008, Rhynchocyon udzungwensis.

Tangu mwaka 2009 msitu wa Mwanihana umekuwa na mpango wa kudumu wa kamera: vituo 60, kimoja kwa kila kilomita mbili za mraba, kila kimoja kikifanya kazi siku 30 wakati wa kiangazi. Mwaka unaofuata, mahali palepale, msimu uleule. Ubishi huo wa kurudi palepale ndio unaoupa mpango huo thamani.

Sasa tuingie kwenye fundo lenyewe. Tuseme kati ya vituo 60, minde ameonekana kwenye 15. Mtu mwenye haraka atasema minde anaishi kwenye robo ya msitu. Lakini mtazame kwenye vile vituo 15 ambako tuna hakika yupo. Huko nako hapigwi picha kila siku. Anapita leo, kisha kimya kwa siku kumi. Zigawanye siku 30 kuwa vipindi sita vya siku tano tano, na tuseme hesabu imeonyesha kwamba mahali alipo, nafasi ya kumnasa katika kipindi kimoja ni 20 kwa 100. Nafasi ya kumkosa katika kipindi kimoja basi ni 80 kwa 100. Kumkosa mara sita mfululizo ni 0.8 ikizidishwa kwa yenyewe mara sita, yaani kama 26 kwa 100. Maana yake, katika kila vituo vinne alipo minde, kimoja hivi kitamaliza mwezi mzima bila picha yake. Vituo 15 tulivyomwona vinasimama badala ya takriban 20 alipo kweli.

Vituo vitano hivyo havionekani kwenye picha yoyote. Vimepatikana kwa kuchunguza namna tunavyoshindwa kuona. Hapo ndipo sensa ya kisasa ilipoachana na ile ya zamani: zamani waliandika walichoona, sasa wanapima pia udhaifu wa macho yao, na kuuingiza kwenye hesabu. Pasipo hilo, mwaka wa majani marefu utaonekana mwaka wa wanyama wachache, na mhifadhi atapeleka askari mahali pasipohitajika.

Wangapi

Chui ana madoa yake, kama sisi tulivyo na alama za vidole. Kamera mbili zikitazamana njiani zitampiga ubavu wa kulia na wa kushoto. Tuseme awamu ya kwanza umetambua chui 20. Awamu ya pili umepata 25, na kati yao 10 ni walewale wa kwanza. Kumi kati ya 25 ni asilimia 40. Kama wale 20 wa mwanzo ni asilimia 40 ya wote, basi wote ni kama 50, ingawa umewaona kwa macho 35 tu. Nchini Kenya njia ya picha imetumika kwa pundamilia wa Grevy, ambao mistari yao haifanani hata kwa ndugu. Mwaka 2016 raia wa kawaida walialikwa kuzunguka kaskazini mwa nchi na kamera, wapige ubavu wa kulia tu, na picha zao zikachambuliwa kwa programu ya kompyuta.

Mbega hana madoa. Kwa yeye, na kwa kima wengine, mtu hupita polepole kwenye njia iliyonyooka, kama kilomita moja kwa saa, akisimama mara kwa mara kusikiliza. Kila kundi analoliona anapima liko mbali kiasi gani na njia. Kundi lililo juu ya kichwa chake haliwezi kumpita. Lililo mita 20 kando ataliona mara nyingi, la mita 60 mara chache. Ukichora umbali huo wote utaona mteremko, na ukali wa mteremko huo ndio unaokuambia umekosa mangapi. Ni hesabu ileile ya minde, katika vazi jingine.

Nyika wazi ina njia yake, ndege. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, na mwanawe Michael walihesabu nyumbu wa Serengeti wakiwa kwenye ndege yao ndogo, wakapata 99,481. Nambari ile ina usahihi wa kushangaza hadi mmoja wa mwisho, na baadaye ilieleweka kwamba ilikuwa pungufu. Siku hizi wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, hurusha ndege kwa mistari sambamba, takriban mita mia moja juu ya ardhi. Fimbo zilizofungwa kwenye mhimili wa bawa zinamwonyesha mhesabuji ukanda wa kuhesabu. Mnyama aliye nje ya fimbo haandikwi hata akiwa tembo. Kisha idadi ya ukanda hukuzwa kwa eneo lote. Ndiyo maana ripoti ya kweli huandika idadi na kando yake kiwango cha kukosea. Gazeti likichukua nambari na kuacha hicho kiwango, limemnyima msomaji nusu ya habari.

Nyumbu wa Serengeti waliendelea kuhesabiwa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamefika takriban milioni 1.3. Sababu ilikuwa sotoka. Ugonjwa huo ulikuwa ukiua ndama wao kila mwaka. Ng'ombe wa jirani walipochanjwa, ukakatika kwa nyumbu pia. Hakuna aliyewachanja nyumbu. Bila mfululizo wa sensa, uhusiano huo kati ya sindano ya ng'ombe na mbuga nzima usingejulikana.

Mfululizo ndio pia uliofichua msiba. Tembo wa Tanzania walikadiriwa kuwa takriban 109,000 mwaka 2009. Sensa ya mwaka 2014 ikakuta takriban 43,000. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuweza kuelezwa na makosa ya kuhesabu, na ndiyo iliyowanyima wenye kutilia shaka ujangili mahali pa kujificha. Ninapoona watu wanalalamikia gharama ya kurusha ndege kuhesabu wanyama, nakumbuka miaka ile mitano.

Miti haikimbii, lakini

Mtu angedhani mimea ni rahisi, kwa kuwa imesimama. Kuipima ni rahisi kweli: unaweka ploti ya hekta moja, kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi katika usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, unapigiliwa kibati chenye namba, unapimwa, na baada ya miaka unapimwa tena. Ugumu ni kuutambua. Miti mingi hutambuliwa kwa ua au tunda, na ua liko mita 30 juu, na huenda halichanui mwaka huu. Kwa hiyo fundi wa miti hukata kipande cha gome, ananusa, anaangalia rangi ya ndani, anasubiri aone kama utomvu ni mweupe au mwekundu. Huu ni ujuzi ambao shahada peke yake haimpi mtu. Wengi wanaoumiliki waliupata kwa wazazi wao, na wanastahili majina yao yaandikwe kwenye ripoti, si kutajwa kama "wasaidizi".

Kielelezo kikipatikana hubanwa katikati ya magazeti, hukaushwa, huandikiwa mahali, tarehe na mwinuko, kisha hupelekwa hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa. Ile ya Nairobi, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ina vielelezo vinavyokaribia milioni moja. Kwa vielelezo kama hivyo iliandikwa orodha kuu ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na ikakamilika mwaka 2012, ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Miaka sitini. Na haikufunga ukurasa: mwaka 2025 ulitangazwa mti mpya wa Udzungwa, Tessmannia princeps, unaofika mita 40. Mti wa urefu huo ulikuwa umesimama muda wote bila jina la kisayansi, tena katika misitu ya hifadhi ya vijiji, ambayo watafiti wengi huipita wakiikimbilia hifadhi ya taifa.

Kihansi

Kwenye ukingo wa kusini wa Udzungwa, nje ya mipaka ya hifadhi ya taifa, mto Kihansi ulikuwa ukiporomoka korongoni na kuinyeshea kingo zake ukungu mchana na usiku. Mwaka 1996, mradi wa bwawa la umeme ukiwa tayari unaendelea, watafiti waliotumwa kupima athari zake walikuta humo chura wa manjano asiyefika sentimita 3, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, mto ulibaki na sehemu ndogo ya maji yake, na ukungu ukakatika. Mwishoni mwa mwaka huo vyura wapatao 500 walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni kukafungwa mabomba ya kunyunyiza maji, na vyura wakaongezeka: sensa ya Juni 2003 ilikuwa ya matumaini, maelfu kwa maelfu. Ndani ya miezi michache wakaporomoka. Ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ulikuwa umeingia.

Mara ya mwisho kuonekana porini ilikuwa mwaka 2004. Tangazo kwamba ametoweka porini lilikuja mwaka 2009. Wapo waliouliza kwa nini ilichukua miaka yote hiyo kusema jambo lililoonekana wazi. Ni kwa sababu usiku mmoja wa kutomwona haumtoi kiumbe duniani, wala usiku kumi. Ilibidi watu wanaojua mahali alipokuwa akikaa warudi, wafunue majani yaleyale, msimu baada ya msimu, mpaka nafasi ya kwamba yupo na wanamkosa iwe ndogo kiasi cha kutohesabika. Desemba 2012 vyura wapatao 2,000 waliozaliwa ughaibuni walirudishwa Kihansi, na utafutaji ukaanza tena, safari hii kwa kumtafuta chura ambaye kila mtu anajua yupo.